Mche Mchanga wa Figiri na Udongo wa Upare



Mchicha wa kung'oa mnaujua. Hupandwa kwa kusongamana, hung'olewa na mizizi yake kabla haujakomaa, hufungwa mafungu na kupelekwa sokoni. Desturi hiyo ya kula mboga ingali changa inastahili kutazamwa upya, hasa kwa jamii ya kabichi: figiri, loshuu na sukuma wiki.

Mwaka 1997 Jed Fahey, Yuesheng Zhang na Paul Talalay wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walionyesha kuwa machipukizi ya brokoli ya siku 3 yanaweza kuwa na glukorafanini, kiambata chenye salfa, mara 10 hadi 100 zaidi kuliko brokoli iliyokomaa. Jani likikatwa au kutafunwa, kimeng'enya kilichomo huigeuza kuwa sulforafeni, nayo huziamsha seli zijikinge na kemikali zinazojeruhi vinasaba. Figiri ina sinigrini kwa wingi, ndugu ya glukorafanini, inayogeuzwa na kimeng'enya hicho hicho. Moto hukiua. Mama anayekatakata mboga na kuiacha kidogo kwenye ungo kabla ya kuibandika anakipa nafasi ya kufanya kazi.

Sasa yaje madini. Mche ukilishwa seleniamu huiingiza mahali pa salfa, na baadhi ya viambata vinavyotokea vimezuia uvimbe wa matiti kwa panya wa maabara. Lakini ikizidi, hushindana na salfa, na vile viambata vya kinga tulivyovitaka hupungua. Kuongeza si kuboresha siku zote.

Kwa binadamu hali ni hiyo hiyo, na hapa naomba tutulie. Huko Linxian, China, ambako lishe ilikuwa duni na saratani ya umio ilikuwa imekithiri, karibu watu 30,000 walishiriki jaribio lililotangazwa mwaka 1993. Kwa waliopewa seleniamu pamoja na beta-karotini na vitamini E, vifo vya saratani vilipungua kwa asilimia 13. Jaribio jingine, la wanaume zaidi ya 35,000, wengi wao Wamarekani walioshiba, lilisimamishwa mwaka 2008: seleniamu haikuzuia saratani ya tezi dume. Naamini tofauti kubwa ni upungufu. Aliyepungukiwa husaidika, aliyetosheka anaweza kudhurika. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 55 tu kwa siku.

Mkoa wetu wa Kilimanjaro umo katika ukanda wa saratani ya umio, na watafiti waliopima chai inavyonywewa huku walikuta watu wakianza kuinywa ikiwa na wastani wa nyuzi 70 hivi za Selsiasi. Hakuna mche utakaofidia koo linalounguzwa kila asubuhi. Kwa hiyo namkataa waziwazi yeyote atakayewauzia wagonjwa wetu machipukizi kama dawa.

Ninachoomba ni kipimo cha seleniamu kabla ya mbolea yake: udongo wa miteremko ya Shengena na wa tambarare ya Mkomazi huku Upare, maji ya ndiva (mabwawa yetu ya jadi ya umwagiliaji), majani yenyewe, na damu ya walaji kwa ridhaa yao. Panapoonekana upungufu, tujaribu vitalu vya figiri kando ya ndiva, nusu vikiwa na seleniamu na nusu bila, na wakulima wenyewe wayaone matokeo kabla ya jarida lolote.