Stockholm chini ya ardhi: ukuta wa Rissne na miaka yake



Mgeni anayefika Stockholm, mji mkuu wa Sweden, huelekezwa kwanza Gamla Stan, mji mkongwe wenye asili ya karne ya 13, penye vichochoro vya mawe na kasri la mfalme. Kisha hupelekwa kuitazama Vasa, merikebu ya kivita iliyozama mwaka 1628 ikiwa katika safari yake ya kwanza, na ikaopolewa mwaka 1961, mwaka uleule Tanganyika ilipopata uhuru. Yote hayo yanastahili kuonwa. Leo, hata hivyo, nawaalika mteremke nami chini ya ardhi.

Treni za chini ya ardhi za Stockholm zilianza kazi mwaka 1950. Katika muongo huo wasanii wawili wanawake, Vera Nilsson na Siri Derkert, walikuwa mstari wa mbele kudai kwamba vituo vipambwe kwa sanaa, ili kazi nzuri zisibaki katika majumba yanayotembelewa na wenye nafasi peke yao. Wazo lao likakubaliwa. Leo mji una vituo 100, na zaidi ya 90 kati yake vina michoro, sanamu au nakshi. Tiketi ya safari moja hutumika kwa dakika 75, na ndani ya muda huo waweza kushuka, ukatazama, kisha ukapanda tena.

Tuanzie kituo kikuu, T-Centralen, kwenye jukwaa la njia ya buluu. Mwamba uliochongwa umeachwa na umbo lake la pango, na mwaka 1975 Per Olof Ultvedt aliupaka matawi na majani ya buluu juu ya weupe. Sehemu moja ya dari amechora vivuli vya mafundi waliokichimba na kukijenga kituo hicho. Si mara nyingi mjenzi huachiwa nafasi katika jumba alilolijenga.

Kutoka hapo treni iendayo Hjulsta hutufikisha Rissne baada ya robo saa hivi. Rissne ni mtaa wa manispaa ya Sundbyberg, wenye maghorofa ya makazi, kaskazini-magharibi mwa katikati ya mji. Ndiko ninakokaa. Juu ya ardhi hutaona kasri wala mnara. Chini, kwenye kituo kilichofunguliwa mwaka 1985, Madeleine Dranger na Rolf H. Reimers wameandika historia ya tamaduni za dunia kwenye kuta za pande mbili za reli. Kuna ramani, maandishi na rangi, kuanzia takriban miaka 3000 kabla ya Kristo hadi mwaka 1985 wenyewe. Abiria anayesubiri treni hutembea karne kadhaa pasipo kukusudia.

Kwa miaka mingi nilipita hapo nikiwa na haraka zangu. Aliyenisimamisha ni mama yangu, alipokuja kututembelea kutoka Kilwa Masoko. Alikuwa amebakiza wiki moja kurejea, nami nilikuwa na huzuni niliyoificha. Binti yangu, aliyezaliwa huku, anakielewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kiswidi. Bibi na mjukuu walikuwa wamekaa nyumba moja mwezi mzima, wakipendana bila mazungumzo.

Jioni hiyo treni ilichelewa. Mama hajui Kiswidi, ila tarakimu hazihitaji mkalimani. Akaanza kutembea na ukuta, akisoma miaka kwa sauti. Alipofika karne ya 16 akasimama. “Mwaka 1505,” alimwambia mjukuu wake, “Wareno waliuteka mji wetu.” Akamweleza habari za Kilwa Kisiwani, msikiti wake mkuu, na jumba la Husuni Kubwa lililokuwa likitazama bahari karne mbili kabla ya Wareno kuja. Binti yangu akauliza swali. Akauliza kwa Kiswahili, kwa kukwamakwama, na mama hakumsahihisha.

Walifika mwisho wa ukuta. “Wameishia 1985?” mama aliuliza. “Basi wameishia Mwalimu alipong'atuka.” Mimi mwaka ule sikuwa nimeanza darasa la kwanza. Mama alieleza foleni za sukari na sabuni za miaka ile, na redio iliyowekwa barazani majirani wapate kusikiliza. Treni ikaja, ikaondoka. Hatukuipanda.

Tangu siku hiyo naufikiria sana mwaka huo wa mwisho. Mwaka 1991 serikali ya Somalia ilianguka. Mwaka 1994 yakatokea mauaji ya kimbari nchini Rwanda. Mwaka 1996 vita vikawaka mashariki mwa Kongo. Hayo hayamo ukutani, lakini miongoni mwa abiria wanaokaa kimya ndani ya mabehewa wamo waliopitia hayo kwa miguu yao.

Ukiendelea mbele, baada ya Rinkeby utafika Tensta. Huko Helga Henschen aliitunuku kazi yake ya mwaka 1975 kwa wahamiaji, akaiita waridi kwa ajili yao, na neno lenye maana ya udugu likaandikwa kwa lugha 18. Kwa Kiswidi neno lililotumika ni siskonskap, linalojumuisha ndugu wa kike na wa kiume. Sisi twasema udugu, na wote wamo.

Basi, msikilizaji, ukijaliwa kufika Stockholm, itazame Vasa, utembee Gamla Stan, kisha ubakize dakika zako chache kwa ajili ya Rissne. Na ukiwa na mzee, nenda naye. Mama amekwisha kurudi Kilwa. Kila Jumapili binti yangu humpigia simu, na kitabuni mwake ameandika vichwa vya miaka kuanzia 1986. Mstari wa kwanza umekwisha kujazwa.