Uwiano Dukani: Kufundisha Wanafunzi Kulinganisha Bei na Kipimo

Unafuu wa bidhaa hujulikana pale bei inapowekwa kando ya kipimo chake. Ichukuliwe kwamba sabuni ya unga ya gramu 250 inauzwa shilingi 1,500, na ya gramu 400 shilingi 2,200. Wanafunzi wengi hukimbilia kutoa: kubwa imezidi kwa shilingi 700, basi ni ghali. Hesabu yao ni sahihi, ila haijibu swali lililoulizwa, na alama nyekundu ya mkasi peke yake haitawaonyesha hilo.

Kwa wasiozoea desimali, ni afadhali kuanza na kigawe kidogo cha shirika. KDS ya 250 na 400 ni 2,000. Gramu 2,000 ni pakiti ndogo 8 kwa shilingi 12,000, au pakiti kubwa 5 kwa shilingi 11,000. Pakiti zinaweza kuchorwa ubaoni, na maganda matupu yakapangwa mezani.

Bei ya kizio hufuata: 1,500 ÷ 250 ni shilingi 6 kwa gramu, 2,200 ÷ 400 ni shilingi 5.50. Ugumu hasa huzuka mwanafunzi anapogawanya kinyume. Hupata 0.17 na 0.18, kisha, kwa mazoea kwamba namba ndogo ndiyo nafuu, huchagua pakiti ndogo. Kugawanya kwake hakuna kosa. Jibu ndilo halikupewa jina. Kila jibu lisomwe kwa maneno kabla ya uamuzi. Likiwa "shilingi kwa gramu", dogo ndilo nafuu. Likiwa "gramu kwa shilingi", kubwa ndilo nafuu.

Mifano isiegemee upande mmoja, la sivyo darasa litahitimisha kwamba kikubwa ni nafuu daima na kuacha kukokotoa. Mafuta ya nusu lita kwa shilingi 3,400 na ya lita moja kwa shilingi 7,000 yanatosha kuivunja imani hiyo.

Sokoni mambo huwa magumu zaidi, kwa kuwa fungu halina kipimo kilichoandikwa. Fungu la nyanya 5 kwa shilingi 1,000 ni shilingi 200 kwa nyanya. La nyanya 7 kwa shilingi 1,500 ni kama shilingi 214. La kwanza laonekana nafuu. Yakiwekwa kwenye mizani, la kwanza likawa gramu 400 na la pili gramu 700, hukumu hugeuka: shilingi 2.50 kwa gramu dhidi ya 2.14 hivi. Zoezi hili lifanywe kwa nyanya za kweli, maana hapa ndipo mwanafunzi hugundua kwamba kuchagua kizio ni sehemu ya hesabu.

Swali la mwisho la somo liachie nafasi ya maelezo, si namba tu. Nyanya zisizoliwa huoza, na mwenye shilingi 1,500 mfukoni hawezi kununua pakiti ya shilingi 2,200. Mwanafunzi aliyechagua pakiti ndogo kwa sababu hiyo, akaiandika, apewe alama zake.