Kiongozi na Faili Lake la Zamani



Oktoba 1981, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilianza kupiga kura kumtafuta Katibu Mkuu. Washindani wakubwa walikuwa wawili. Kurt Waldheim wa Austria, aliyekalia kiti hicho tangu 1972, alitaka muhula wa tatu. Wa pili alikuwa wa kwetu Tanzania, Dk. Salim Ahmed Salim. China ilimpigia Waldheim kura ya turufu mara 16. Marekani nayo ikamzuia Salim, duru baada ya duru, mpaka wote wawili wakakaa kando na kiti kikamwendea Javier Pérez de Cuéllar wa Peru.

Salim aliponzwa na nini? Wengi waliofuatilia uchaguzi ule huturudisha kwenye kikao cha 25 Oktoba 1971, Baraza Kuu lilipoipa Jamhuri ya Watu wa China kiti chake. Salim, balozi wetu katika Umoja wa Mataifa akiwa na miaka 29 tu, alikuwa miongoni mwa walioshangilia bila kuficha. Marekani ilikuwa imeshindwa kura ile, na haikusahau. Kwa hiyo mtu alidaiwa furaha aliyoionyesha mbele ya macho ya dunia nzima, tena akiitumikia sera ya nchi yake. Mshindani wake, wakati huohuo, alikuwa na faili.

Faili lenyewe lilikuwa la 1948. Tume ya Umoja wa Mataifa ya Uhalifu wa Kivita, kwa maombi ya Yugoslavia, iliingiza jina la Waldheim katika orodha ya watuhumiwa. Nyaraka za tume hiyo zilihifadhiwa New York, mikononi mwa Umoja wa Mataifa wenyewe. Miaka kumi Waldheim aliongoza chombo hicho, na karatasi zenye jina lake zilikuwa katika mji uleule aliokuwa akienda kazini kila asubuhi. Umma haukujua.

Ukajua 1986, alipogombea urais wa Austria. Yeye alikuwa ameandika kwamba alijeruhiwa upande wa Urusi mwaka 1941, akaondoka vitani na kurudi Vienna kusoma sheria. Machi 1986 jarida la Profil likaanza kuchapisha kumbukumbu zake za kijeshi. Kumbe 1942 alirudi jeshini, akapelekwa Balkani. Ikatolewa na picha ya 22 Mei 1943, iliyopigwa kwenye uwanja wa ndege wa Podgorica. Waldheim amesimama katika sare, kijana mwembamba, mrefu. Upande mmoja yupo jenerali wa Kiitalia. Upande wa pili yupo Artur Phleps, jenerali wa SS ambaye kikosi chake kilichoma vijiji na kuua raia wa Yugoslavia. Miezi ileile, kutoka Thessaloniki, mji ulio kilomita chache tu kutoka makao makuu alikohudumu Waldheim, Wayahudi zaidi ya 40,000 walipakiwa kwenye treni na kupelekwa Auschwitz. Alisema hakujua. Alisema alitimiza wajibu wake kama wenzake. Waaustria walimchagua, Juni 1986, kwa karibu asilimia 54 ya kura.

Tume ya wanahistoria iliyoundwa kumchunguza ilitoa ripoti Februari 1988. Haikupata ushahidi kwamba aliua au aliamuru mtu auawe. Ilichosema ni kwamba alikuwa karibu na taarifa za maovu yale, na kwamba alijua zaidi ya alivyokiri.

Tumetumia muda mrefu kwa Mwaustria huyu kwa sababu kisa chake kinatenganisha mambo mawili ambayo sisi tunayachanganya. Simhukumu kijana wa miaka 24 aliyevalishwa sare na dola katili. Namhukumu mzee wa miaka 67 aliyewaomba wananchi kura huku akiwa amekata miaka kadhaa ya maisha yake na kuitupa. Kosa hilo si la zamani hata kidogo. Kila alipoulizwa akakwepa, alilitenda upya, siku ileile, mbele ya mpiga kura.

Najua mtanijibu: yaliyopita si ndwele. Methali hiyo ni njema sana baina ya ndugu na majirani waliokoseana, wakakaa kitako, wakasemezana. Mwanasiasa anayeitumia kabla ya kusema lolote anataka dawa ya jeraha ambalo hajalionyesha. Halafu kuna suala la nani ana haki ya kusamehe. Februari 1984, huko Wajir, Kenya, wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa na askari kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, wakakaa juani siku kadhaa bila maji, na wengi wakauawa. Serikali ilitaja watu 57. Manusura walitaja idadi kubwa mno kuliko hiyo. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhi ripoti yake kwa Rais Mei 2013, ikiwa imeligusa jambo hilo kwa kirefu, na miaka ikapita Bunge halijaiidhinisha. Mimi wa Dar es Salaam siwezi kumwambia mjane wa Wajir kwamba ya 1984 ni ya kale. Kwake hayajawahi kupita.

Lakini si kila la zamani ni la kuchimbua. Utani wa bwenini, maneno makali ya ujana, chama alichokihama mgombea: hayo tuyaache. Hayana uzito wa kutunyima mtu anayefaa.

Hapa nyumbani tunao mfano bora kuliko tunavyoutumia. Mwaka 1976 watuhumiwa waliteswa mikononi mwa vyombo vya dola huko Mwanza na Shinyanga, wengine wakafa. Mzee Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, hakumpiga mtu. Hata hivyo mwanzoni mwa 1977 alijiuzulu, kwa kuwa wizara ilikuwa yake. Alipelekwa Misri kuwa balozi, akarudi, akawa Rais wa Zanzibar 1984 na Rais wa Muungano 1985. Nchi ilimpa dhamana kubwa kuliko zote ikiijua habari ya Shinyanga, kwa kuwa hapakuwa na kilichofichwa. Wala sisemi kujiuzulu kwake kulizifuta machozi familia za waliokufa. Nasema wapiga kura walijua wanamchagua nani, na Waaustria wengi walikuwa wakibahatisha.

Kunyimwa uongozi si kifungo. Mahakama inataka ushahidi usio na shaka kwa sababu inaweza kumpokonya mtu uhuru wake. Mpiga kura anakabidhi dhamana, na mwenye kukabidhi ana haki ya kuuliza hata swali la miaka 40 iliyopita, na kumnyima kura anayekataa kujibu.

Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 inamtaka kiongozi wetu atamke mali zake na madeni yake: nyumba, mashamba, magari, hisa. Haimtaki aeleze alishika kazi gani mwaka gani, aliongoza operesheni ipi, alitajwa katika uchunguzi upi. Nawaomba wabunge waliopo ukumbini humu wapeleke hoja ya kuongeza kipengele hicho, na tamko lenyewe lisomwe na mwananchi yeyote kabla ya siku ya kura. Nanyi wanafunzi wa historia, msingoje sheria hiyo. Nendeni Nyaraka za Taifa, ombeni mafaili ya miaka ya sabini, na mkinyimwa andikeni kwamba mmenyimwa.