Umewaacha na Nani?

(Somo lililotolewa kwenye kipindi cha wazazi)

Wapendwa wa Kenya, Bwana asifiwe. Uganda mpo? Watanzania wenzangu, poleni na safari. Wengine tumelala kwenye basi, wengine tumepanga foleni Sirari tangu alfajiri, wengine Busia. Tumefika. Mungu ni mwema.

Sasa nina swali dogo. Usiinue mkono, jibu moyoni. Wale watoto wako wa sekondari uliowaacha nyumbani, leo usiku wako na nani?

Tufungue 1 Samweli 17. Yese anamtuma Daudi apeleke chakula kwa kaka zake vitani. Kufika kule, Eliabu, kaka mkubwa, anamjia juu na kumuuliza kondoo amemwachia nani. Eliabu aliuliza kwa ubaya, ili amdhalilishe mdogo wake. Lakini swali lenyewe halikuwa baya, na Daudi alikuwa na jibu! Rudi mstari wa 20. Aliamka mapema, akawakabidhi kondoo kwa mlinzi, ndipo akaondoka. Huyo mlinzi Biblia haimtaji hata jina. Lakini bila yeye, Daudi angekuwa anampiga Goliathi huku simba anakula kondoo wa baba yake.

Mimi kuna siku sikuwa na jibu. Naomba niseme ukweli mbele zenu.

Miaka sita iliyopita, mimi na mke wangu tulitoka Mwanza kwenda Kisumu kwa mkutano wa siku nane. Nyumbani tulimwacha kijana wetu wa miaka 16 na mdogo wake wa kike, miaka 13. Unga upo, mchele upo, gesi imejaa, shilingi elfu thelathini ziko mezani. Tukawawekea mikono, tukaomba. Halafu nikatoa maagizo mawili. La kwanza, msimwambie mtu kwamba tumesafiri, wezi watasikia. La pili, msitupigie-pigie simu, tutakuwa kwenye kazi ya Bwana.

Niliona ni hekima. Siku ya kwanza niliwapigia kwa laini ya Kenya. “Baba, tuko salama.” Nikatulia. Baada ya hapo mkutano ukapamba moto. Watu wanaokoka, mimi nitoke nje nikapige simu?

Siku ya tatu binti akashikwa na homa. Kaka yake akamnunulia dawa ya maumivu dukani. Siku ya nne, hivyo hivyo. Usiku wa siku ya tano akaanza kuongea maneno yasiyoeleweka, hata kaka yake hamtambui. Kijana amekaa na simu mkononi, hapigi, kwa sababu baba alisema msitupigie. Jirani yuko ukuta wa pili, hagongi, kwa sababu baba alisema msimwambie mtu. Mnaona, wapendwa? Watoto wangu hawakuasi. Walitii. Na utii wao nusura umuue binti yangu.

Saa nane usiku kijana akashindwa, akagonga. Jirani yetu ni mama wa Kiislamu. Mimi mwinjilisti nilikuwa sijaingia kwake hata siku alipofiwa. Alitoka na kanga yake, akatafuta usafiri, akampakata mwanangu mpaka hospitali. Malaria kali. Akalala naye wodini siku mbili. Usiku ule mimi nilikuwa nimehubiri Kisumu, na somo langu lilikuwa imani.

Binti ni mzima, ameshamaliza kidato cha nne. Lakini kijana aliniambia neno ambalo bado linanichoma: “Baba, niliogopa hasira yako kuliko ile homa.”

Tunapenda kusema, “Nimewakabidhi kwa Mungu.” Ni sawa, amina. Hata mama yake Musa alimkabidhi mtoto kwa Mungu kule mtoni. Lakini soma Kutoka 2:4, dada mtu alisimama kwa mbali akiangalia. Je, kwako amesimama nani?

Utaniambia, “Mtumishi, wangu ana ndevu tayari.” Kenya, Tanzania na Uganda, sheria inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Anaweza kupika, kufua na kufunga geti. Usimwachie kuamua peke yake saa nane za usiku.

Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi, fanya haya.

Tafuta mtu mzima mwenye jina, alale pale nyumbani, au aingie kila jioni aone watoto kwa macho. Awe mtu unayemjua miaka mingi, na watoto wenyewe wawe huru naye. Nisikilizeni vizuri, akina baba: si kila anayenena kwa lugha anafaa kulala nyumba moja na binti yako. Mtoto akisema fulani simtaki, usimkemee. Msikilize.

Mwambie jirani mmoja unayemwamini. Acha kadi za bima na pesa ya hospitali mbali na pesa ya mboga. Homa ikianza, mtoto apimwe siku hiyo hiyo. Waandikie namba yako ya ng’ambo ukutani, na waijue namba 116 ya kusaidia watoto, inapigwa bure Kenya, Tanzania na Uganda.

Halafu, kubwa kuliko yote, watamkie watoto wako hivi: “Nipigie saa yoyote, hata nikiwa madhabahuni. Sitakasirika.” Na ukipigiwa, kweli usikasirike.

Viongozi wa matawi, naomba hili liwe letu sote. Kabla ya kuchanga nauli, katibu amuulize kila mzazi swali la Eliabu, ila aulize kwa upendo. Asiye na jibu, kanisa limsaidie kupata mlinzi. Anayebaki kulinda watoto wa wenzake naye yuko kwenye mkutano huu, hata kama hana beji.

Sasa nafunga. Kama nilipouliza mwanzoni ulikosa jibu, usingoje maombi ya kufunga. Toka nje, piga simu. Tutakusubiri. Ukirudi, tutaomba pamoja.