NASAHA ZA AFYA: CHAKULA, MAZOEZI NA KINGA YA SARATANI
(Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wakazi wa Handeni na Korogwe)



Saratani si laana, wala si maradhi ya matajiri peke yao. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa asilimia 30 hadi 50 ya saratani zaweza kuzuiwa. Hata hivyo, wagonjwa wengi nchini hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umekwisha kukomaa, na safari ya kutoka Handeni hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ina gharama kubwa. Hivyo basi, kinga ndiyo iliyo karibu; nayo huanzia ghalani, jikoni na njiani.

Kwanza, ghala. Mahindi na karanga zisizokauka vema huota ukungu, na baadhi ya ukungu huo hutoa sumukuvu. Sumu hii husababisha saratani ya ini, hususan kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Ikiliwa kwa wingi huua upesi: mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, waliugua watu 68, na 20 kati yao wakafariki. Kupika hakuiondoi, wala kuyageuza mahindi hayo kuwa pombe.

Inafahamika kuwa katika mwaka wa ukame, kumwambia mzazi wa Handeni atupe debe la mahindi ni kumtwisha mzigo mzito. Kwa sababu hiyo, tahadhari ichukuliwe mapema. Mahindi yavunwe mara yakaukapo shambani, yaanikwe juu ya turubai au kichanja na si juu ya udongo, na magunia yapangwe juu ya chaga. Ili kupima ukavu, punje zitiwe pamoja na chumvi kavu katika chupa kavu, kisha chupa itikiswe. Chumvi ikinata ubavuni, mahindi yaanikwe tena. Punje zilizooza au kubadilika rangi zichambuliwe na kutupwa; hata kuku wasipewe. Aidha, dona ina manufaa kwa utumbo, lakini mahindi yenye ukungu yakisagwa bila kukobolewa hubaki na sumu nyingi zaidi. Mwenye kupenda dona hana budi kuchagua punje safi.

Pili, jiko. Mtu mzima anashauriwa kula angalau gramu 400 za mboga na matunda kila siku. Mchicha, kisamvu, matembele, mlenda, maembe na machungwa si vyakula vya kuagizwa ng'ambo. Kunde na maharage vipewe nafasi yake. Chumvi, sukari na mafuta vipunguzwe. Tumbaku, iwe sigara au ugoro, haina kiasi kilicho salama, na pombe nayo huongeza hatari ya saratani kadhaa.

Tatu, mwili. Mkulima ashikaye jembe tangu alfajiri hahitaji kuhimizwa. Anayehimizwa ni mtumishi akaaye kitini mchana kutwa, kisha akapanda bodaboda kwenda nyumbani. Unene uliozidi huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana, ya mji wa mimba, na ya matiti kwa wanawake waliokoma hedhi. Dakika 150 za mwendo wa haraka kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano, zinatosha kuanzia.

Mwisho, chakula na mazoezi hupunguza hatari lakini haviiondoi yote. Watoto wapelekwe kuchanjwa homa ya ini aina ya B, na wasichana wapate chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza kutolewa nchini kote mwaka 2018. Wanawake wasiogope kupimwa.

Wakuu wa idara, walimu na watendaji wa vijiji wanaombwa kuyasoma maneno haya mbele ya wananchi kabla ya mavuno, wala si baada yake. Kinga ni bora kuliko tiba.