Mazungumzo na familia zilizohama: kupika bila kwenda porini

 

Leo tunazungumza juu ya moto wa jikoni. Pengine mtu atauliza: ninyi ni watu wa amani, mbona mnaleta habari za mbabula? Ni kwa sababu hapa kwetu Kivu ya Kaskazini ugomvi mwingi unaanzia kwenye kuni. Mwaka 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi walifika Goma kutoka Rwanda, na wengi waliingia katika Hifadhi ya Virunga kutafuta kuni. Tangu hapo, kila mara vita vinapowahamisha watu, mambo ni yale yale: aliyehama anakata, mwenyeji analalamika, mlinzi wa hifadhi anakamata. Tena mama aliye porini anakutana na watu wenye silaha. Wamama wengi wamebakwa wakitafuta kuni. Hilo si jambo dogo la jikoni.

Mwanzoni mwa 2025 kambi za pembeni ya Goma zilibomolewa. Familia nyingi zilirudi vijijini au zilikwenda kukaa kwa wenyeji. Kambi zimeondoka, lakini chungu bado kinahitaji moto. Ndiyo maana tunafundisha briketi, yaani makala ya takataka.

Tunakusanya majani makavu, maganda ya mahindi, mabua ya maharagi, vumbi la mbao na karatasi za zamani. Plastiki tunaiacha kabisa, moshi wake ni sumu. Vitu vigumu tunavikatakata, tunavitwanga, kisha tunaviloweka siku kadhaa hadi vilainike. Karatasi tunailoweka pembeni, ndiyo inayoshikanisha. Tukishachanganya, tunafinya konzi moja mkononi. Ikibomoka, tunaongeza karatasi. Halafu tunashindilia katika mashine ya mbao, tukiacha tundu katikati ili hewa ipite. Tunaanika kwenye kichanja hadi zikauke kabisa, na wakati wa mvua tunaweka turubai juu. Briketi mbichi inatoa moshi tu.

Mwenye chenga za makala chini ya gunia asizitupe. Azichanganye na uji mwepesi wa muhogo, au na udongo wa mfinyanzi kidogo ikiwa muhogo hautoshi kwa chakula. Udongo ukizidi, moto unapungua.

Tuseme ukweli: briketi za majani haziwaki kwa ukali kama makala ya mti mgumu. Maharagi yalowekwe usiku kucha kwanza. Na mtu asipike wala kulala na mbabula inayowaka ndani ya nyumba iliyofungwa. Hewa yake mbaya haina harufu, nayo inaua.

Sasa tunawaomba viongozi mtusikilize vizuri, kwa sababu hapa sisi wenyewe tulikosea. Katika kijiji kimoja tulileta mashine, tukaiweka kwa kiongozi mmoja wa waliohama, tukaenda zetu. Tuliporudi, ni jamaa zake tu waliokuwa wakiitumia. Wenyeji nao walikuwa wamekataza watu kuokota mabua shambani mwao. Walisema: "Hayo ni chakula cha mbuzi zetu, mengine ni mbolea. Mbona hamkutuuliza?" Walikuwa na haki. Kile tulichokiita takataka kilikuwa na mwenyewe.

Tulianza upya kwa kikao. Wamama wa pande zote mbili walikaa pamoja, wakajibu maswali matatu: mabua yapi yaokotwe, na kwa ruhusa ya nani? Mashine ikae wapi, na zamu zipangwe vipi? Briketi zikiuzwa, faranga zigawanywe namna gani? Walikubaliana kwamba mwenye shamba apate sehemu ya briketi, na mashine ihamie uwanjani, mahali ambapo kila mtu anaiona. Kazi ikaendelea.

Basi, msikubali mashine kutoka kwetu wala kwa shirika lingine kabla ya kikao hicho. Briketi haziwezi kumaliza vita. Lakini siku ambayo mama hakwenda porini, alirudi salama kwa sababu hakutoka. Na mwenyeji na aliyehama wakishindilia pamoja, watazoea pia kuzungumza kabla ya kugombana.

Sasa tunangojea maswali yenu.