Vidole Vilivyopondwa: Vya Kutibu Nyumbani na Vya Kukimbiza Zahanati



Kamati ya afya ya umoja wetu imepewa nusu saa. Tumeona tusizungumzie malaria wala kipindupindu, maana hayo mnayasikia redioni kila wiki. Tumechagua vidole. Tunaona wengine mnatabasamu, lakini hebu tazameni mikono ya jirani zenu kwenye benchi. Kuanzia Mwakitolyo na Kahama mpaka Nyarugusu na Rwamgasa, ukimpata mtu aliyefanya kazi ya mawe miaka kumi na kucha zake zote bado zimenyooka, tuletee tumpe zawadi.

Tunajua vinavyopondwa wapi. Ndani ya duara mmoja anashika tindo, mwenzake anapiga nyundo, na mwanga ni wa tochi iliyofungwa kichwani. Juu, magogo ya matimba yanashushwa kwa kamba. Kwenye karasha mtu anasukuma jiwe kwa mkono badala ya mti, au mkanda unavuta glovu pamoja na kilichomo ndani. Mama anayegonga mawe analishika jiwe kwa vidole vilevile anavyopikia. Na tusiwasingizie wachimbaji peke yao: shambani ng'ombe wa plau anamkanyaga mtu dole gumba, nyumbani mlango wa bati unabamizwa na upepo, na mnyororo wa baiskeli tunaujua wote.

Kinachotokea ni hiki. Nyama ikibanwa, mishipa midogo ya damu inapasuka bila ngozi kuchanika, na damu inavilia ndani. Vitabu vingi vinasema patakuwa bluu. Kwenye ngozi zetu bluu hiyo mara nyingi haionekani. Angalia pameiva kuwa peusi zaidi au zambarau, pamevimba, pana joto, na ukipabonyeza panauma. Linganisha na kidole hichohicho cha mkono wa pili, hapo utaona tofauti haraka. Jeraha la namna hii, kama hakuna zaidi ya hilo, hupoa lenyewe kwa wiki mbili hivi.

Saa ya kwanza ndiyo yenye faida. Kabla ya yote, vua pete. Kidole kikishavimba, pete inageuka kamba ya kunyonga damu, na tunasema hivi kwa pete ya ndoa na kwa ile ya shaba mliyopewa na babu. Ikikwama, paka sabuni au mafuta ya kula. Ikigoma, nenda ikakatwe. Pete hununuliwa nyingine. Kisha osha kwa maji safi na sabuni. Halafu baridi: machimboni hakuna friji, lakini kioski cha maji ya kandoro kipo. Funga kandoro iliyoganda kwenye kitambaa, usiiweke moja kwa moja juu ya ngozi, kanda dakika kumi na tano mpaka ishirini, rudia kila baada ya saa mbili tatu siku ya kwanza na ya pili. Kukiwa hakuna barafu, kitambaa kilicholowekwa maji ya mtungi kinasaidia. Mkono uinuliwe juu ya usawa wa moyo. Kama ni mguu, lala na uuweke juu ya kiroba. Panadol mbili kwa mtu mzima, zisizidi nane kwa siku nzima.

Sasa tuseme lile ambalo akina bibi watatukasirikia. Kukanda kwa maji ya moto na kuchua siku hiyohiyo kunaongeza damu na uvimbe. Maji ya vuguvugu yasubiri siku mbili zipite. Kukivuta kidole “kirudi mahali pake” kunaweza kumalizia mfupa uliokuwa umepata ufa tu. Udongo, ugoro na maji ya betri visiguse jeraha kabisa. Mafundi wa mifupa wa kwetu tunawaheshimu, ila eksirei itangulie.

Kuna imani moja tunayoisikia kila siku: “kama kinasogea, hakijavunjika.” Si kweli. Kidole kilichovunjika kinaweza kusogea. Pima hivi: je, kila kiungo kinakunjika na kunyooka kikamilifu? Ukikunja ngumi, kidole kimoja kinakwenda upande na kumlalia mwenzake? Ncha ina ganzi? Ukiibonyeza nyama ya ncha kisha ukaachia, rangi inarudi ndani ya sekunde mbili? Jibu likiwa baya hata kwenye swali moja, nenda. Nenda pia kama kimepinda, kama mfupa au nyama ya ndani inaonekana, au kama maumivu yanaongezeka siku ya pili badala ya kupungua. Usaha, harufu, homa, au mstari mwekundu au mweusi unaopanda mkononi, usisubiri hata asubuhi.

Ukucha una mambo yake. Nyundo ikiupiga, damu inabanwa kati ya ukucha na mfupa bila pa kutokea, na ndiyo maana kidole kinapwita usiku kucha kama kina moyo wake. Tabibu anaweza kutoboa tundu dogo kwenye ukucha, damu ikatoka, na maumivu yakaisha palepale. Faida yake ni siku ya kwanza na ya pili. Damu ikishaganda hakuna cha kutoa. Kama ukucha ni mweusi lakini hauumi, uacheni. Msitoboe wenyewe kwa waya wa moto wa spoku, tunajua mnafanya. Na msiung'oe, maana ndio plasta ya kidole. Ukidondoka wenyewe, wa mkononi hurudi kwa miezi sita hivi, wa mguuni hata mwaka mmoja na nusu.

Hapa tuseme neno kuhusu ukucha mweusi ambao haukugongwa na kitu. Damu iliyovilia husogea mbele kadiri ukucha unavyokua. Doa au mstari mweusi usiosogea, unaopanuka, uonyeshwe hospitali, kwa sababu upo aina ya saratani ya ngozi inayoanzia chini ya ukucha, na watu weusi hatujasamehewa. Bob Marley, ambaye vijana mnamvaa kwenye fulana, aliumia dole la mguu akicheza mpira. Mwaka 1977 ikagundulika ni saratani hiyo, na mwaka 1981 ikamuua akiwa na miaka 36.

Lipo jeraha jingine ambalo watu huliacha mpaka linakuwa ulemavu. Ncha ya kidole inaning'inia, huwezi kuinyoosha mwenyewe, ingawa haiumi sana. Hapo kano imekatika. Dawa yake ni banzi dogo la kukinyoosha wiki sita mpaka nane, bila kulivua na kukiacha kikunje hata mara moja. Ni rahisi mno, na ni wachache wanaomaliza, kwa sababu wiki ya tatu dhahabu inasikika mahali na kijana anavua banzi anaenda rashi.

Vidole vidogo vya mguu, hata vikivunjika bila kupinda, hufungwa pamoja na jirani yake, pamba ikiwa katikati, na mtu akavaa kiatu kigumu wiki chache. Dole gumba la mguu ni tofauti, maana linabeba uzito wa mwili, hivyo lipigwe eksirei. Mwenye kisukari asifungefunge lolote nyumbani. Anaweza kutembea na kidole kinachooza asihisi kitu.

Ngozi ikichanika, ulizeni sindano ya pepopunda. Akina mama wengi wamechanjwa wakiwa wajawazito, ila wanaume wengi mara ya mwisho walichanjwa wakiwa watoto, nao ndio wanaoshinda kwenye udongo. Ukucha ukipasuka na mfupa wa chini ukavunjika, hilo ni jeraha la wazi la mfupa hata kama tundu ni dogo. Linahitaji kuoshwa vizuri na dawa za kuzuia maambukizi. Na mwenye kidonda mkononi asishike zebaki, wala asiguse maji ya plenti yenye sayanaidi, ambayo hupenya kwa urahisi kwenye ngozi iliyochanika.

Kipande kikikatika kabisa, kiokoteni. Kifungeni kwenye gozi au kitambaa safi chenye unyevu, kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, kisha mfuko huo muuweke kwenye maji yenye barafu. Kipande chenyewe kisiguse barafu. Bandikeni na kubana pale panapotoka damu, na safari ianze, kituo cha afya kwanza na Bugando kama mtaelekezwa huko.

Watoto. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto katika machimbo madogo ya dhahabu nchini, na Geita ni miongoni mwa sehemu walizofika. Sheria ya Ajira ya mwaka 2004 inakataza aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi mgodini. Sisi tunaongeza sababu moja ya kitabibu: mfupa wa mtoto bado unakua, na ukipondwa karibu na kiungo unaweza kukua umepinda. Mtoto aliyepondwa kidole apelekwe zahanati hata kama ameshanyamaza.

Harambee ya mwaka huu ina lengo la masanduku ya huduma ya kwanza, moja kwa kila karasha na kila kundi la maduara yanayotuzunguka: gozi, bendeji, sabuni, Panadol, mabanzi ya vidole, mkasi na mifuko safi. Fungu jingine ni la kununulia zahanati yetu vifaa vya kushonea na kutoboa kucha, ili mtu asisafirishwe kwa kazi ya dakika tano. Mlioko mijini, hata mabuti yenye ncha ya chuma yaliyotumika tunayapokea. Akina mama wagonga mawe tutawakatia pete za mpira wa tairi kuukuu za kushikilia jiwe, vidole vikae mbali na nyundo. Hizo hazina gharama, tunahitaji matairi tu.

Bahasha ziko kwa mhazini, meza ya kwanza kushoto mnapotoka. Wenye karasha tunaomba mbaki kidogo baada ya chakula, tupange nani atatunza funguo za masanduku.